Maziwa na Madini ya Risasi

Mchanga una uzito wake, na mchanga uliolaliwa na risasi una uzito mwingine. Ukiinua koleo asubuhi unajua kabla ya kutazama. Hiyo ndiyo kazi yangu ya uzeeni, na sijapata kazi nyingine iliyonituliza roho kama hii. Wanawake wa rika langu hapa Kiwanjani, Isiolo, wanauza maziwa ya ngamia au miraa, na wengine wameketi tu wanaletewa chai. Mimi navaa gambuti zangu, nafunga kitambaa puani, naenda kuchekecha tuta.

Nieleze vizuri, maana wengi wakisikia nyanya anashika risasi wanashtuka. Upande wa kwenda Leparua, ukishapita nyumba za mwisho, kuna uwanja wa kulenga shabaha. Mwenye uwanja ni mwanajeshi aliyestaafu. Ana leseni, ameitia kwenye fremu na kuitundika ukutani kama picha ya harusi, na polisi wanakuja kuitazama wakitaka. Watu wanaofika pale ni walinzi na wafanyabiashara wenye bastola za kibali. Wanabandika karatasi kwenye mbao, wanasimama mbali, wanapiga. Risasi inapita kwenye karatasi inaenda kulala ndani ya tuta la udongo lililo nyuma. Mimi ndiye ninayeziamsha.

Tuta likijaa sana, risasi mpya inagonga ya zamani na kuruka kombo, kwa hivyo lazima livunwe kama shamba. Tunachimba, tunachekecha kwenye waya, mchanga unashuka, madini yanabaki juu yakiwa yamepondekapondeka kama mahindi yaliyotafunwa. Hapo tunayaosha, kisha tunayaanika kwenye mabati juani mpaka yakauke kabisa kabisa. Hapa kwenye kukauka ndipo penye maisha ya mtu. Madini yakishayeyuka, tone moja tu la maji likianguka ndani, sufuria yote inaruka. Mwenzangu wa kazi, Mmeru mmoja mwenye ndevu za mvi ambaye mimi namwita kijana na yeye ananiita shosho, aliwahi kutupia kipande ambacho kilikuwa na unyevu kidogo ndani. Kililia paa! Madini yakatawanyika mpaka kwenye paa la banda. Alikuwa amevaa miwani na glovu, basi akapona na kovu dogo kwenye sikio. Tangu siku hiyo, wingu likionekana upande wa mlima, hatuwashi jiko.

Yakiyeyuka, ngozi za shaba zilizofunika risasi zinaelea, tunazitoa na kijiko kirefu. Halafu natia kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo. Mwenye uwanja alikuwa anatumia mshumaa, lakini siku moja mshumaa uliisha nikamwambia ajaribu mafuta yetu. Uchafu wote ukapanda juu kama povu jeusi, tukauengua, na uso wa madini ukabaki unang'aa hivi kwamba unaiona kofia yako ndani. Hapo kijana anamimina kwenye kalibu, kile chombo cha chuma cha kufungua na kufunga kama koleo la fundi, na risasi mpya zinadondoka juu ya kitambaa, ndogo, nono, za moto. Mwenye uwanja anazihesabu, anazifungia. Mambo ya baruti anayafanya yeye mwenyewe chumbani kwake, mimi hayanihusu. Zikiwa tayari zinapigwa pale pale, zinarudi kwenye tuta, na mimi narudi na koleo.

Madini haya yana sumu, hilo nalijua. Banda letu halina kuta, upepo unapita. Hatuli pale wala hatunywi. Nguo za kazi zinabaki kwenye msumari, na mikono naiosha na sabuni mpaka kiwiko kabla sijagusa kitu cha nyumbani. Na kuna sheria moja ambayo niliiweka mimi, hakuna aliyenifundisha: maziwa hayaingii bandani. Hata ya chai.

Sasa nije kwa mzee.

Baba mkwe wangu aliyemzaa mume wangu alishafariki, na mume wangu pia. Aliyebaki ni mdogo wa mwisho wa baba mkwe huyo, na kwetu Waborana huyo naye ni baba mkwe kamili, si wa kuazima. Mwanamke hatamki jina la baba mkwe. Nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha chini siku nzima kunifundisha, kwa sababu hata kitu cha nyumbani kikifanana na jina hilo tunakitafutia jina lingine. Unazungumza ukizunguka, kama mtu anayepita kando ya zizi asiamshe mbwa. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina sisahau. Kila mtu aliyewahi kulala kwenye boma letu namjua jina, na la baba yake, na la ng'ombe aliyempenda. Hapa siandiki hata moja, wenyewe hawakuniruhusu. Nataka tu mjue kwamba jina la mzee huyu nilikuwa nalo kichwani tangu nikiwa msichana, na mdomoni halikuwahi kufika.

Mzee alikuwa ameshaacha malisho. Magoti yamechoka, sikio moja halisikii tangu ujana, na lile lingine linasikia likitaka. Binti yake, yaani wifi yangu, alimleta kwake hapa Kiwanjani. Na kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba yetu, yeye ndiye anayetoa baraka. Kwetu baraka ina maneno na ina mate. Mzee anaomba, watu wanaitikia, kisha anachukua maziwa mdomoni na kukupulizia kichwani kama umande. Sheikh wa msikiti wetu hapendi sana hiyo ya maziwa. Mzee alimwambia, "Dua nasoma kwa Kiarabu, maziwa napuliza kwa Kiborana. Mungu anasikia yote mawili."

Mjukuu wangu, msichana niliyemlea mwenyewe tangu aachishwe ziwa, alipata mchumba. Kijana mzuri, anachanja mifugo, anasalimia watu kabla hajaulizwa. Watu wake walikuja, tukanywa chai, tukakubaliana. Ikabaki mzee aseme. Wifi yangu akaenda kumwambia, akarudi amekunja uso.

"Amekataa," akasema.

"Amemkataa kijana?"

"Kijana hana shida. Amekukataa wewe. Anasema mwanamke wa nyumba yake hapiki risasi. Ati harusi iliyolishwa na kitu hicho hatatoa mate yake."

Sikuweza kumkasirikia. Zamani ng'ombe walipelekwa kutafuta majani upande wa Kipsing, kukawa na fujo ya maji, na mwanawe wa kiume hakurudi akiwa hai. Risasi iliyotolewa kwenye mwili wa mtoto wake, mzee aliiona kwa macho. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba risasi zako ni za kulenga karatasi?

Lakini bila baraka yake hakuna harusi. Watu wa kijana hawawezi kuchukua msichana ambaye mkubwa wa nyumba amenyamaza juu yake. Miezi ikapita. Mjukuu alianza kunitazama nikirudi kazini kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula nguo.

"Akko," akaniambia siku moja, na kwetu hivyo ndivyo tunavyomwita bibi, "nikifika umri wako nitaolewa na nani? Wazee wote watakuwa wamekufa."

"Nitaacha kazi," nikamwambia. Na nilikuwa nimeamua. Hata gambuti nilikuwa nimeshaziosha.

Wifi yangu ndiye aliyekataa. "Usiache kabla hajaona. Yeye anafikiri mko pale na bunduki mnangoja watu. Nitamleta aone, akikataa tena, basi uache."

Akamleta na tuktuk, asubuhi ya jua kali. Mzee akashuka na fimbo yake, kofia yake, na kile kibuyu kidogo cha maziwa ambacho hakiachi, anakibana kwapani kama redio. Nilikiona. Sheria yangu niliikumbuka. Lakini nani atamnyang'anya mzee wa umri ule kibuyu chake getini, tena mimi, ambaye nikimwona najifunika uso?

Mwenye uwanja alimpigia saluti ya jeshi. Mzee akapenda, nikaona kwenye mabega.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Mzee. Karibu."

"Wewe ndiye unauza risasi?"

"Hazitoki hapa, Mzee. Zinapigwa ndani ya uwanja tu."

"Zinapiga nani?"

"Karatasi."

"Karatasi imewakosea nini?"

Wifi yangu akageuka kuangalia pembeni. Mwenye uwanja akajikaza, akampeleka mpaka kwenye mbao, akamwonyesha karatasi iliyotobolewa, kisha tuta. Mzee akachoma fimbo kwenye udongo, akauchokora, kikatokea kipande cha madini kilichopondeka. Akakiokota, akakitazama sana. Nilikuwa nyuma, mbali kidogo, nimeshika karai langu.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu mama anazichimbua."

"Halafu?"

"Anaziyeyusha na mwenzake. Tunazitengeneza upya."

"Halafu?"

"Watu wanakuja wanapiga karatasi tena."

Mzee akahesabu jambo hilo kwa vidole. "Kwa hivyo karatasi haifi. Risasi haiishi. Na mtu analipa kwa hiyo?"

"Analipa, Mzee."

"Mtu mzima? Mwenye akili?"

"Tena anarudi wiki nyingine."

Hapo mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, wifi akampiga mgongo, naye bado anacheka, anaonyesha tuta na fimbo. "Hii ndiyo vita," akasema. "Hii ndiyo vita ya kwenda na chai kwenye chupa." Kisha kicheko kikaisha taratibu, akabaki anatazama kile kipande cha madini mkononi. Halafu akakirudisha kwenye udongo kwa adabu, akafunika na mguu.

Hakuniangalia, hawezi kuniangalia moja kwa moja, lakini alisema kwa sauti ili nisikie: "Kazi hii haina damu." Nikajua amekubali. Nikajua msichana ataolewa. Nikaenda kuweka karai kule kwenye mabati ya kuanikia, ng'ambo ya uwanja, ili nisilie mbele za watu.

Sasa angalieni jinsi shetani anavyopanga viti. Kijana wangu wa kazi, yule Mmeru, alikuwa amewasha jiko, madini yameshayeyuka, yameshasafishwa, yanang'aa. Alikuwa ameingia chumbani kuchukua kalibu iliyofungiwa. Mwenye uwanja alipigiwa simu, akasogea kando. Wifi alikuwa anaongea na mwenye tuktuk. Na mzee, ambaye moyo wake ulikuwa umefurahi, akaamua asingoje siku ya harusi. Mtu akikubali kazi anaibariki kazi, hivyo ndivyo alivyolelewa. Akaingia bandani peke yake. Akasimama kando ya sufuria, akafungua kibuyu, akajaza mashavu maziwa, akainua kiganja, akainama.

Niligeuka nikaona mashavu yale yamejaa.

"Baba!" nikaita.

Mwenye uwanja akageuka, kwa sababu yeye ni baba. Mwenye tuktuk akageuka. Kijana akatoa kichwa mlangoni. Mzee hakugeuka. Lile sikio lisilosikia lilikuwa upande wangu, na hata lingekuwa zima, baba ni wengi duniani. Akavuta pumzi ya kupuliza. Uso wake ulikuwa juu ya madini pale, macho yake mawili wazi, hana miwani wala chochote.

Nikamwita kwa jina lake.

Sikuamua. Lilitoka lenyewe, zima, na jina la baba yake nyuma yake, kwa sauti niliyokuwa nayo nikiwa msichana wa kuita ngamia kutoka ng'ambo ya korongo. Uwanja wote ulisikia. Nafikiri hata Leparua walisikia.

Mzee alisimama wima kama mtoto aliyekutwa. Akafunga mdomo. Nikaona koo lake likipanda, likashuka, gulu, na baraka yote ikaenda tumboni.

Kijana alikimbia akaja akamshika mkono, akamtoa bandani polepole. Wifi yangu alikuwa ameweka mikono yote miwili mdomoni, macho tu ndiyo yalikuwa nje.

"Umelitaja," akaninong'oneza alipopita. "Woi, wewe. Umelitaja na la babu pia."

Mzee alitazama upande nilipo, si uso wangu, miguu yangu. Akachukua fimbo. "Twende," akamwambia binti yake. Wakapanda tuktuk wakaondoka, vumbi likabaki.

Kijana alikuja akasimama karibu nami. Yeye ni Mmeru, haya mambo yetu anayajua nusu. "Shosho," akasema, "usingeita, sasa hivi tungekuwa hospitali. Macho ya mzee yangekwisha."

"Najua."

"Basi unalia nini?"

"Kijana, zima jiko," nikamwambia. "Leo hatumimini."

Nyumbani mjukuu alikuwa ameshapata habari. Isiolo habari haipandi tuktuk, inaruka. Alinipikia chai, akaketi karibu, nikafikiri anataka kunipa pole.

"Akko, ulimwita vipi? Niambie vile ulisema."

"Sisemi."

"Si umeshasema mbele ya watu wote!"

"Basi nimemaliza."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa itakuwaje?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Sikuwahi kuona mwanamke aliyefanya hivyo. Nilisikia tu habari za mmoja, zamani, alirudishwa kwa baba yake. Mimi baba yangu yuko kaburini, ningerudishwa wapi?

Nilifanya ninachojua. Nilikaanga buni kwenye samli, zile punje nzima za kahawa ambazo kwetu ndizo zinazoomba msamaha na kushukuru, nikatia kwenye bakuli la mti, nikaongeza tumbaku nzuri, nikamtuma wifi. Siku hizo sikwenda kazini. Nilikuwa naosha vyombo vilivyo safi.

Wifi alirudi jioni. "Buni amekula."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amekula zote, hakunipa hata moja."

"Na tumbaku?"

"Ameficha chini ya mto. Yule akificha kitu si vibaya, lakini akinyamaza si vizuri. Sasa sijui."

Nilingoja hivyo mpaka Ijumaa. Baada ya swala mzee akanitumia mtu: nije, na msichana aje.

Tulimkuta amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, wazee wawili majirani kwenye viti, wifi mlangoni. Nilijifunika, nikakaa chini kwenye mkeka upande wa pembeni, kama ilivyo. Mjukuu alikaa nyuma yangu, nasikia anapumua.

"Ni wewe uliyeniita?" mzee akauliza akitazama ukuta.

"Ni mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Madini yale yakiyeyuka hayataki maji, Baba. Tone likiingia yanaruka. Yangekuingia machoni. Niliita Baba, hukusikia."

"Nilisikia," akasema. "Nilifikiri unamwita mwingine. Kila mtu siku hizi anaitwa baba." Wazee wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Wewe unajua nani aliniita kwa jina langu mara ya mwisho? Na la baba yangu likifuata?"

"Sijui, Baba."

"Mimi pia sijui. Nimefikiri hizi siku zote. Mama yangu aliniita hivyo nikipotea na ndama. Wenzangu wa rika waliniita hivyo tukienda kisimani. Wote wameisha. Hawa," akaonyesha wazee wale, "ni watoto, wananiita mzee. Wajukuu wananiita babu. Kwenye hospitali yule msichana ananiita guka, na mimi si Mkikuyu. Siku ile nikiwa na maziwa mdomoni nikasikia mtu ananiita. Nikafikiri ni mama amekuja kunichukua."

Mzee mmoja akakohoa, akasema kwa upole kwamba hata hivyo desturi ni desturi, labda mama atoe faini kidogo, kondoo mmoja tu.

"Faini ya nini?" mzee akamgeukia. "Ya macho yangu? Ukitaka kondoo nenda sokoni." Kisha akarudi ukutani. "Wanasema wewe husahau majina."

"Wanasema, Baba."

"Wale wa rika langu niliochimba nao kisima. Unawajua?"

"Nawajua."

"Hao si baba zako wakwe. Wataje."

Nikawataja. Nilianza na aliyekuwa anashuka chini kabisa, kisha waliompokea ndoo, mmoja juu ya mwingine mpaka kwenye mdomo wa kisima, maana hivyo ndivyo nilivyowaona nikiwa bibi arusi mgeni, wamepangwa kwenye ngazi wakiimba. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mmoja. Mmoja nilipomtaja alisema, "Huyo mwizi wa tumbaku," akapangusa macho na kona ya shuka.

"Msichana yuko wapi?" akauliza alipomaliza kupangusa.

Mjukuu akasogea kwa magoti mpaka mbele yake. Wifi akaleta maziwa kwenye kikombe. Mzee akasoma dua kwanza, tukasema amin. Halafu akaanza ile yetu. Anasema awe na ng'ombe, tunaitikia. Anasema awe na watoto, tunaitikia. Anasema nyumba yake isikose moshi, tunaitikia. Akaanza kupanda kwa mababa wa ukoo, kwa kuwa baraka yetu inawaita mmoja baada ya mwingine wasimame na msichana. Alitaja baba yake, akataja babu yake, akafika kwa yule wa nyuma yake, akasimama.

Tulingoja. Midomo yake ilikuwa inatafuta. Wale wazee wakaangaliana, wao ni wa koo nyingine. Wifi, binti yake mwenyewe, akaangalia chini. Baraka ikikatika hapo inakuwa kama kamba iliyokatika ndoo ikiwa katikati ya kisima.

Jina nilikuwa nalo. Mume wangu alikuwa akilisema akipigana na ndoto. Lakini huyo naye ni mkwe, mkwe wa mbali zaidi, na mimi nilikuwa nimeshakosea mara moja. Nikauma kitambaa changu.

Mzee akageuza uso. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alinitazama mimi, si ukuta wala miguu yangu.

"Sema," akaniambia. "Mdomo wako siku hizi umefunguka."

Nikalisema. Polepole, kwa heshima, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala. Mzee akalichukua, akalirudia kwa sauti, akapanda nalo mpaka mwisho wa ukoo bila kukwama tena. Kisha akajaza mashavu maziwa, akainama, na hakuna aliyemwita. Akapuliza. Msichana alifumba macho, maziwa yakamlowesha nywele, kope na ukosi wa gauni jipya, akaanza kucheka, na mzee akampulizia tena kwa sababu alicheka.